Moshi Mweusi Katika Picha za Garimoshi

Mpiga picha wa magarimoshi ya zamani ana kaida zake, nazo ni ngumu kama kaida za vina na mizani. Jua liwe nyuma ya bega lake. Injini ionekane uso na ubavu kwa pamoja. Magurudumu yasifichwe na majani. Na juu ya yote, moshi uwe mwingi. Atakaye kuona kaida hizo zikitimizwa na atazame picha zipigwazo kwenye reli ya North Yorkshire Moors, kaskazini mwa Uingereza. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1965, ikafunguliwa tena mwaka 1973 kwa juhudi za watu wa kujitolea, na injini za mvuke huvuta abiria baina ya Grosmont na Pickering, mwendo wa kilomita 29 hivi.

Mahali pagombewapo zaidi ni ule mpando wa kutoka Grosmont hadi Goathland. Hapo reli hupanda futi 1 kwa kila futi 49, na kwa garimoshi mwinuko huo ni mkali mno. Injini huhema kwa kishindo, na asubuhi ya baridi mvuke wake hugeuka papo hapo kuwa wingu jeupe.

Wingu hilo sina ugomvi nalo. Nina ugomvi na moshi mweusi. Moshi mweusi ni makaa yaliyoungua nusu, nguvu inayopotea bure bombani. Mchochea moto stadi hutia makaa kidogo kidogo, akayatandaza, akaipa hewa nafasi, na bomba lake lisitoe ila ukungu mwepesi. Lakini wapiga picha wakikodi treni, kama ilivyo desturi katika reli za namna hii, treni hurudishwa nyuma na kupita tena na tena mbele ya kamera, na si ajabu moto ukashindiliwa makaa makusudi ili moshi utoke mweusi tii. Basi picha inayosifiwa kwa “nguvu” yaonyesha kazi iliyofanywa vibaya. Msanii ama hajui, ama anajua na hajali; sijui lipi ni baya zaidi.

Kasoro nyingine ni upweke wa picha hizo. Injini kubwa iliyopoa huhitaji saa nyingi kupata mvuke, kwa hiyo yuko mtu aliyeamka usiku kuiwasha. Hayumo pichani. Reli iliyofufuliwa kwa mikono ya watu yaonekana kana kwamba chuma kimejiendesha chenyewe.

Atasema mtu kwamba kuigiza ni haki ya sanaa. Naam. O. Winston Link, Mmarekani, aliigiza kuliko hao wote. Baina ya 1955 na 1960 alizipiga picha injini za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western, aghalabu usiku, kwa globu nyingi zilizounganishwa kwa nyaya ziwake pamoja. Katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1956, iliyopigwa kwenye sinema ya uwanjani huko Iaeger, West Virginia, ndege ionekanayo kwenye pazia iliingizwa baadaye, maana mwanga wa globu uliifuta sinema yenyewe. Hila tupu! Hata hivyo, mbele yetu wamekaa kijana na binti garini, wametupa kisogo, na garimoshi linapita pembeni mwa mambo yao.

Nasi tuna injini zetu. Beyer Peacock wa Manchester waliiundia Afrika ya Mashariki injini 34 za Garratt za daraja la 59, zikapewa majina ya milima. Mount Gelai na Mount Shengena zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli, Nairobi. Picha zake nimeziona: ubavu, namba, jina la mlima. Dereva hayupo, wala fundi.

Niliwapa wanafunzi picha ya Goathland waiandikie insha. Walio wengi waliandika mistari minane, na sita kati yake ilihusu rangi. Ya Link iliwachukua kipindi kizima, wakibishana kama yule binti alitaka kwenda nyumbani.