Sanduku za Spa: jina la mgeni linabaki, jina la mtumishi linapotea

Hoteli kubwa za Goma, Bukavu na Lubumbashi zinapenda kuandika neno « spa » kwenye kibao. Wengi wetu tunajua wanachouza: masaji, maji ya moto, mafuta, na bei ya juu. Wachache wanajua kwamba Spa ni mji wa kweli, mji mdogo wa Ubelgiji, jimbo la Liège, kwenye misitu ya Ardennes. Neno lilitoka pale, likazunguka dunia. Kuko watu wanaoeleza eti ni kifupi cha maneno ya Kilatini. Hapana, hiyo ni hadithi iliyotungwa nyuma.

Wandugu, leo sitaki kuongea juu ya masaji. Nataka kuchambua namna mji ule unavyotunza vitu vyake vya ukumbusho na foto zake za zamani. Wanafanya kazi nzuri, na inafaa tujifunze kwao. Lakini ile kazi iko na tundu moja kubwa, na tundu lile linatuhusu sisi pia.

Tuanze na mazuri. Tangu karne ya 16 wagonjwa walitoka mbali kwenda kunywa maji ya chemchemi za Spa. Wenyeji wanaita chemchemi hizo « pouhon ». Maji yake yako na chuma na gesi. Mfalme Pierre le Grand wa Urusi alifika mwaka 1717, na akiisha kurudi kwao alituma bamba la marumaru la kushukuru. Bamba hilo liko Spa hadi leo, na pouhon kubwa ya katikati ya mji inaitwa kwa jina lake.

Wageni wengine hawakuacha marumaru. Wao ndio walioondoka na kitu mkononi. Mafundi wa Spa walitengeneza fimbo za kutembelea, sanduku ndogo na vifaa vya meza ya kujipamba, vyote vya mbao yenye michoro. Vitu hivyo vinaitwa « jolités ». Na hapa, kama mtu aliyesoma agronomia, nilifurahi sana. Mafundi walikuwa wanalowesha mbao ndani ya maji ya chemchemi, mbao inageuka kijivu, kisha wanachora juu yake. Sababu ni rahisi: mbao iko na tanini, na tanini ikikutana na chuma inaleta rangi ya kijivu mpaka nyeusi. Mama zetu wanalijua jambo hilo bila kwenda iniversite: ukimenya ndizi mbichi na kisu cha chuma cha zamani, kisu kinakuwa cheusi na vidole vinakuwa vyeusi. Kwa hiyo sanduku la Spa lilikuwa na picha ya mji juu ya kifuniko, na maji ya mji ndani ya mbao yenyewe. Suvenir gani ya siku hizi inaweza kusema vile?

Mwaka 1807 moto uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Sasa fikiri: mji unaungua, unajengwa upya, ule wa zamani tutaujua namna gani? Kwa sehemu, kupitia vile vitu vilivyokuwa vimeondoka. Sanduku lenye mchoro wa chemchemi, lililokuwa kwenye nyumba ya mtu wa mbali, halikuungua. Hilo ndilo somo la kwanza la Spa: kitu cha ukumbusho mara nyingi kinapona juu kilitoka nyumbani.

Kisha foto zikafika. Nyumba kubwa ya bafu, kazi ya mchoraji majengo Léon Suys, ilifunguliwa 1868, wakati foto inaanza kuenea. Nyuma zikaja kadi za posta: bafu, pouhon, bustani, wageni wenye kofia wanatembea. Leo makumbusho ya mji yako ndani ya nyumba aliyoishi malkia Marie-Henriette, mke wa Léopold II, ambaye alifariki Spa mwaka 1902. Mwaka 2021 UNESCO iliandika miji 11 ya maji ya uponyaji ya Ulaya, kutoka inchi 7, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Spa ni mmoja wao, pamoja na Vichy, Bath, Baden-Baden na wengine.

Sasa tundu lenyewe. Tangu 1751 Spa ilikuwa inachapisha orodha ya mabwana na mabibi waliofika kunywa maji. Majina, vyeo, yote kwenye karatasi. Mwaka 1894 mchoraji Antoine Fontaine alimaliza mchoro mkubwa sana unaoitwa « Livre d'Or », ambao unaonyesha watu mashuhuri waliopita Spa karne kwa karne. Ukitaka kujua mfalme gani alikunywa maji gani, utapata. Lakini yule aliyejaza glasi? Aliyefua mashuka ya bafu? Aliyelowesha mbao, akasugua, akapaka vernisi? Kuko majina machache ya mafundi yaliyobaki, kama Gérard Dagly, mzaliwa wa Spa, ambaye ufundi wake ulimpeleka mpaka kwa watawala wa Berlin. Ila sanduku nyingi hazina saini. Na kadi za posta kwa kawaida zinataja jengo. Mtu aliyesimama mlangoni na aproni yake anabaki bila jina, kama nguzo.

Mutu ataniambia: ni vile dunia yote ilikuwa. Ni kweli. Lakini mtunzaji wa leo hawezi kujificha nyuma ya jibu lile. Akitunza orodha ya wageni bila kutafuta orodha ya watumishi, anaendeleza uchaguzi uliofanywa mwaka 1751. Kwangu kazi ya kutunza inaanza na swali: nani hayuko hapa? Karatasi nzuri na kabati yenye kufuli vinakuja nyuma.

Hapa njo Kongo inaingia, na inafaa tuwe waangalifu. Ndani ya bustani ya Spa kuko galeri ya chuma yenye jina la Léopold II. Wengine wetu, tukiona jina lile, tunakimbilia kusema ilijengwa na mpira wetu. Si kweli. Galeri ile ni ya 1878, miaka 7 mbele ya État Indépendant du Congo ya 1885. Tukitaka wengine waandike tarehe sawasawa juu yetu, tuanze sisi wenyewe kuheshimu tarehe.

Kiungo cha kweli kiko kwenye foto. Mwaka 1904, miaka 2 nyuma ya kifo cha malkia Spa, misionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba mmoja wa Kongo ameketi barazani, anaangalia mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Wengi mumeiona. Kwa nini foto ile ingali na nguvu? Moja, ilitoka: ilivuka bahari, ikaonyeshwa Ulaya na Marekani, ikatunzwa. Pili, na hili ndilo kubwa, mpiga foto aliandika jina. Baba anaitwa Nsala. Binti anaitwa Boali. Bila majina yale, angekuwa « mwenyeji mmoja wa Kongo », kama foto nyingi za ukoloni ambazo chini yake waliandika kabila au kazi tu: mpagazi, boi, mwanamke wa kijiji.

Weka sasa foto ile pembeni ya kadi ya posta ya Spa ya wakati ule ule. Kwenye kadi, mtumishi mzungu hana jina. Kwenye foto ya Kongo, mkulima mweusi aliyeteswa yuko na jina. Tofauti haikuletwa na mashini wala na karatasi. Ililetwa na mtu mmoja aliyejipa kazi ya kuuliza na kuandika.

Kuko jambo lingine ambalo Spa ilifanya vizuri, na wachambuzi wa mambo ya sanaa hawalitaji sana. Tangu 1889 mji uko na eneo la ulinzi kuzunguka chemchemi. Walielewa kwamba mvua inayoanguka juu ya udongo leo ndiyo maji ya kesho, kwa hiyo wakalinda udongo. Kwangu hiyo ni sehemu ya kutunza ukumbusho. Sanduku la mbao ya kijivu likibaki na chemchemi ikachafuka, sanduku linakuwa foto ya marehemu. Sisi tunapiga foto nzuri za ziwa Kivu kila jumapili, na chupa za plastiki zinaelea pembeni ya foto. Tunakata pale pembeni, tunatuma.

Na sisi? Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mei 2021, miezi 2 mbele ya ile orodha ya UNESCO, ilitoka tena. Watu walikimbia na watoto na magodoro. Albamu iliyobaki kwenye kabati iliungua na kabati. Lakini foto ya arusi iliyokuwa imetumwa kwa shangazi wa Bukavu au Kisangani ilipona, sawa na sanduku za Spa mwaka 1807. Siku hizi tunaona telefone ni kabati ya milele. Telefone inaibiwa. Na foto ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa, na habari za tarehe zinaondolewa ndani yake. Ukituma kama dokima, inabaki nzima.

Kwa hiyo mi napendekeza kazi ndogo kwa kila mmoja wetu wa chama hiki, mwenye lisansi na anayeisoma bado. Ukirudi nyumbani likizo hii, omba albamu ya wazazi. Foto zilizo ndani ya albamu za plastiki zenye gundi, zitoe polepole kama zinakubali kutoka, uziweke ndani ya anvelope za karatasi, mahali pakavu, mbali na jua. Nyuma ya kila foto andika na krayo laini, si na biki, juu wino wa biki unaweza kupenya: nani, wapi, mwaka gani. Skana au piga foto yake, kopi moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu wa mji mwingine.

Na usiishie kwa baba mwenye tai katikati ya picha. Uliza juu ya yule binti aliyeshika mtoto pembeni, yule dereva, yule mama wa jikoni aliyekatwa nusu na ukingo wa foto. Kama kuko bibi nyumbani anayewajua, keti naye na kaye yako mwezi huu. Udongo wa chemchemi za Spa ulipata ulinzi mwaka 1889. Majina yako ndani ya kichwa cha bibi, na hakuna sheria inayoyalinda.