Msasa, Chaki na Paa la San Lorenzo

Ukutani katika darasa moja la chekechea nililowahi kukaa asubuhi nzima palikuwa na herufi M ishirini na kitu. Kila moja ilipakwa shina la kahawia na kubandikwa majani ya karatasi ya kijani. M ya mti. Kazi safi, ya kumfurahisha mzazi anapokuja kumchukua mwanawe. Nilimwita mtoto mmoja, nikamwonyesha M yake mwenyewe, nikamuuliza hii ni nini. "Mti," akajibu, akanitazama kama mtu mzima aliyeuliza jambo la wazi mno.

Hakukosea. Muda wote alikuwa akitengeneza mti: amechana karatasi, amepaka gundi, amebandika majani. Umbo la M alilikuta limeshakatwa na mwalimu. Kidole chake hakikupanda wala kushuka kufuata mistari ile hata mara moja, na sauti yake haikutamka /m/. Alichojifunza siku ile ni kubandika, nacho ni kitu cha maana, ila si herufi.

Kasoro hii imezagaa, na dawa yake ina zaidi ya miaka mia moja. Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa wafanyakazi wa San Lorenzo, Roma. Hakukusudia kufundisha kuandika. Wazazi, wengi wao wasiojua kusoma, ndio waliomwomba. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, akifuata njia za Wafaransa wawili, Itard na Séguin, na kwa watoto wale alikuwa na herufi za mbao zilizochongwa na kupakwa rangi za kung'aa. Alipotaka seti nyingine kama ile kwa San Lorenzo, hakupata fundi wa kuitengeneza. Basi yeye na wasaidizi wake wakaketi na mikasi. Wakakata herufi kubwa za karatasi nzito, na nyingine wakazikata kwenye msasa, karatasi ile ile ya seremala, wakazibandika juu ya kadi laini.

Baadaye alikiri kwamba miezi miwili aliyoipoteza akitafuta herufi za kifahari ilikwenda bure, kwa kuwa hizi za mkono zilikuwa bora kuliko zile. Ubora huo haukuwa wa bahati, na ndipo penye ufundi wenyewe.

Chukua ile ya msasa kwanza. Mtoto anapitisha ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya herufi kwa mwelekeo ule ule wa kuandika. Herufi inakwaruza, kadi inateleza. Kidole kikitoka njiani, kinajua chenyewe papo hapo. Mwalimu hana haja ya kusema "hapana". Huku kidole kinatembea, mdomo unatamka sauti ya herufi, si jina lake. Jicho, ngozi, msuli na sikio vinapokea jambo moja kwa wakati mmoja. Kisha zinafuata hatua tatu za Séguin: hii ni /m/, nipe /m/, hii ni nini? Mtoto akishindwa ya tatu, mwalimu hamkosoi, anarudi kesho na ya kwanza.

Herufi za karatasi zilikuwa na kazi nyingine. Kwa kuwa ni rahisi, unaweza kukata a kumi na m kumi, na mtoto akapanga neno zima sakafuni kabla hajajua kushika kalamu. Seti ya mbao yenye herufi moja moja haiwezi kuandika "mama".

Na sanaa iko wapi? Hapa ndipo wengi wanaoiga njia hii wanapopitwa. Montessori alikuwa na vibao vya chuma vyenye maumbo: duara, pembetatu, mraba. Mtoto alichora ukingo wa umbo kwa penseli ya rangi, kisha akalijaza kwa mistari. Mwanzoni mistari ilivuka mpaka, mifupi na ya kukatikakatika. Polepole ikawa mirefu, sambamba, yenye kutulia. Katika kazi hiyo hapakuwa na herufi hata moja. Uchoraji ulifundisha mkono kutawala kalamu, na msasa ulifundisha mkono njia ya herufi. Mambo mawili yaliachwa mbalimbali kwa makusudi, yakomae kila moja kwa wakati wake. Ile M ya majani iliyachanganya, ikakosa yote mawili.

Yalikutana siku moja ya Desemba, juu ya paa. Montessori alimpa mvulana wa miaka mitano kipande cha chaki, akamwomba achore bomba la moshi. Mtoto akachora, kisha akashtuka kwa furaha kwamba anajua kuandika, akainama akaandika "mano", yaani mkono. Akaongeza "camino", bomba la moshi, na "tetto", paa. Hakuna aliyekuwa amemwandikisha neno kabla ya hapo.

Watafiti wamekuja kulipima hili kwa vipande. Mwaka 2004, Florence Bara na wenzake wa Ufaransa waliwalinganisha watoto wa chekechea waliojifunza herufi kwa kuzitazama na wale waliozitazama na kuzipapasa. Waliopapasa walisonga mbele zaidi katika kusoma maneno ya kubuni. Mwaka 2012, Karin James na Laura Engelhardt wa Marekani walitazama ubongo wa watoto wasiojua kusoma bado. Sehemu zitumikazo katika kusoma ziliamka baada ya mtoto kuandika herufi kwa mkono huru, lakini si baada ya kubonyeza kibodi, wala baada ya kufuatisha mstari uliochorwa tayari. Anayedhani kadi ya msasa inatosha peke yake ayasome matokeo hayo mara mbili. Pale kwenye paa hapakuwa na kadi.

Kwetu kazi ni nyepesi kuliko tunavyoifanya. Hata neno msasa ni letu: ni mti ambao majani yake yanakwaruza kiasi cha kulainishia mbao, na karatasi ya dukani ikarithi jina. Ukikosa msasa, chora herufi kwa gundi juu ya boksi, nyunyizia mchanga mkavu, kung'uta. Kiswahili nacho, kama Kiitalia, kina herufi tano za irabu na kinasomeka kama kinavyoandikwa. Ila zile chati za "A, Apple" zinaiharibu neema hiyo: mtoto aliyeimbishwa majina ya Kiingereza anaiita E "ii", na "ii" kwetu ni sauti ya i.

Mimi ningeanza na a, i, m, b na k. Kwa hizo tano mtoto anapanga mama, baba, bibi, kaka, mimi. Ongeza t, unapata bata, bati na kabati. Ch, sh, ny na ng' kila moja ikatwe kwenye kadi moja, maana ni sauti moja. Na mti nisingeutumia kwa m kabisa. Katika "mti" m inasimama peke yake kama silabi, haishikani na irabu. Katika "meza" inashikana. Mtoto wa Roma aliandika "mano" bila taabu, lakini "mkono" wetu, wenye maana ile ile, haufai kuwa neno la kwanza.

Kazi za kutengeneza herufi kwa kunde, udongo na uzi wa katani hazina haja ya kufutwa. Mwalimu atie nukta mahali herufi inapoanzia, na kunde zibandikwe kwa gundi moja baada ya nyingine kutoka hapo, sauti ikitamkwa. Zikikauka, kidole kipite juu yake. Kisha mtoto aandike mwenyewe kwenye sinia la mchanga, bila kielelezo mbele yake. Nyoka wa udongo ana udhaifu wake, kwa sababu unaweza kumkunja kuanzia mkiani, na hakuna atakayejua.

Halafu b na d. Kwa jicho ni umbo moja lililogeuzwa, na watoto huzichanganya kwa miezi, kwa hiyo zisifundishwe wiki moja. Lakini kwa kidole hazifanani hata kidogo. b huanza na fimbo inayoshuka, tumbo likafuata. d huanza na tumbo, fimbo ikaja mwisho. Mtoto aliyeanza na tumbo ameshaandika d, hata kama macho yake bado yanasitasita.