Filme «Coco» na Wafu Wenye Kusahauliwa

Wengi wenu mumekwisha kuona filme «Coco», ile ya michoro na nyimbo ambayo Pixar ya Marekani ilitoa katika mwaka 2017. Watoto wanaipenda sana. Mimi pia nililia kidogo mwisho wake, sifichi. Lakini katekista mumoja aliniuliza neno lenye kuninyima usingizi: «Padri, na babu yangu asiye na picha?»

Habari ni hii. Miguel ni kijana wa miaka 12 wa muji mudogo wa Meksiko. Jamaa yake ni washona viatu, na muziki ni marufuku kwao, kwa sababu zamani babu mumoja alimwacha muke na mutoto akafuata gitare yake. Siku ya wafu Miguel anachukua gitare katika kaburi la mwimbaji mashuhuri, Ernesto de la Cruz, na mara moja anajikuta kati ya wafu. Hawezi kurudi bila baraka ya jamaa.

Watunzi, Lee Unkrich na Adrian Molina, walijifunza desturi za inchi ile vizuri. Mbele yake kulikuwa aibu: katika mwaka 2013 Disney, mwenye Pixar, alitaka kuandikisha jina la sikukuu hiyo kama alama ya biashara yake, watu wakapiga kelele, naye akaacha.

Uzuri mukubwa uko katika wimbo «Remember Me», maana yake «Unikumbuke», uliopata Oscar katika 2018. Kwanza Ernesto anauimba kati ya taa na wachezaji: kujisifu tupu. Halafu tunamwona Héctor, mufu maskini, zamani akimwimbia binti yake mudogo polepole. Kumbe, yeye ndiye aliyeutunga! Mwisho Miguel anamwimbia Mama Coco, binti yule yule, sasa muzee sana asiyekumbuka tena watu wake, naye anaanza kuimba pamoja naye. Maneno ni yale yale. Mwenye kufundisha waimbaji wa misioni afikiri juu ya hilo kabla ya kununua mikro ingine.

Lakini sheria ya inchi ile ya wafu ni kali. Asiye na picha juu ya altari ya nyumbani havuki daraja la maua. Asiyekumbukwa na mutu hai hata mumoja anayeyuka na kwisha, kama Chicharrón, rafiki wa Héctor. Na Ernesto, mwizi wa nyimbo na muuaji (alimupa Héctor sumu), anakaa katika jumba kubwa, maana watu wengi wanamukumbuka! Filme inajua kwamba jambo hilo ni baya. Lakini haina Hakimu. Ernesto anashindwa kwa kamera tu: ubaya wake unaonyeshwa mbele ya watu wote, sifa yake inaanguka, na ile ya Héctor inapanda. Na kama kamera haikukuwa pale?

John Mbiti, padri Mwanglikana wa Kenya, aliandika katika 1969 kwamba kwa Waafrika wengi mufu anabaki mutu wa jamaa wakati wangali hai wale waliomujua kwa jina, vizazi vinne ao vitano. Basi, watoto wetu hawatashangaa mbele ya sheria hiyo. Wataona ni yetu. Kwa hiyo sikatazi filme hii. Muionyeshe mwisho wa Oktoba, lakini asiwaache watoto kwenda kulala bila kuwauliza ni nani aliyemukumbuka Chicharrón.

Katekista yule nilimujibu kwamba katika Misa tunawaombea wafu wote, hata wale ambao hakuna mutu anayewataja tena, kwani Mungu hana lazima ya picha. Alinyamaza kitambo. Halafu akataja jina la babu yake, herufi kwa herufi, nami nikaliandika katika daftari ya nia za Misa, tarehe 2 Novemba.