Kiwanja cha Ruhuwiko kinavyofika kanisani kwa wosia

Muumini wa Ruhuwiko, Songea, anayetaka kiwanja chake kiwe cha kanisa akishafariki huhangaikia hati, ilhali kinachoamua mambo ni mashahidi. Kanuni za mila za mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinataka wosia wa mdomo usikiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji angalau wawili, ndugu mmoja na mtu baki mmoja. Wakisaini padre, katekista na mwenyekiti wa jumuiya peke yao, saini ni tatu lakini ndugu hayumo, na mwanya huo unatosha kuuangusha wosia mahakama ya mwanzo.

Kigumu zaidi ni watoto. Kanuni zilezile haziruhusu mrithi kunyimwa bila sababu kutajwa waziwazi, na sababu zenyewe ni nzito: kuzini na mke wa mwosia, kujaribu kumuua, kumtelekeza katika ugonjwa au njaa. Kulipenda kanisa hakumo. Mwenye kiwanja kimoja tu akikitoa chote, wanawe wana hoja.

Waingereza walikutana na ukuta wa namna hii. Sheria ya mwaka 1279 ilizuia ardhi kuingia mikononi mwa kanisa bila ruhusa ya mfalme, na hadi mwaka 1540 sehemu kubwa ya ardhi haikurithishwa kwa wosia moja kwa moja. Basi mwenye shamba aliwakabidhi rafiki zake kama wadhamini angali hai, kisha akawaagiza katika wosia: mke apate hiki, mtoto kile, mapato haya yalipie misa za roho yangu.

Nasi tuna wadhamini, ila kwa kazi nyingine. Parokia au kigango si mtu kisheria. Ardhi hushikwa na wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, na ndio wanaopaswa kutajwa. Wosia ukiandikwa "kwa parokia yetu", msimamizi wa mirathi hukwama kwa msajili wa hati.

Naiona kanuni ya 1963 kuwa ya haki, ingawa inaupa ukoo nguvu kubwa: ndugu aliyesaini akijua kilichomo hana pa kusimama kukipinga. Asiyetaka kuwategemea nduguze anaweza kuhamisha kiwanja angali hai, mkewe akiridhia kama ndipo nyumba ya ndoa ilipo, lakini tangu siku hiyo si chake tena.