Pongezi kwa Wapishi wa Majumbani Mafia

Desemba ikiingia, shule zikafungwa na kaskazi ikaanza kuvuma, vyombo vya kutoka Nyamisati, bara, huteremsha wajukuu Kilindoni, kisiwani Mafia. Kila mtoto ana bibi, mama au shangazi anayemngoja, ambaye jiko lake halitapoa mpaka Januari. Hao ndio ninaowapongeza.

Mafia ni kisiwa cha minazi, na ustadi wa mpishi huonekana kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Hukuna taratibu, asifikie kifuu, maana ukikwangua kifuu tui huchafuka. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwa kifumbu: tui zito huwekwa kando, jepesi hutangulia chunguni kuivisha samaki. Lile zito huingia mwisho, likikorogwa bila kuachwa lisije likakatika. Wali nao ukikaribia kukauka, makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Hakuna mizani wala saa. Kipimo ni jicho, pua na kiganja.

Na yote haya hufanywa katika joto la Desemba, kwenye moshi wa kuni na vifuu, huku wageni wakiongezeka bila taarifa. Sikukuu ya Krismasi, sahani huvuka ua kati ya Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani, na majirani zao Wakristo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba akina bibi hawa hufundisha. Mjukuu wa Dar es Salaam aliyezoea tui la pakiti hukalishwa mbuzini, awe msichana au mvulana, na haruhusiwi kuinuka mpaka kifuu kibaki kitupu bila kukwaruzwa.