Ustadi wa Kufuata

Kwenye tangazo la onyesho la muziki wa Karnatiki, ule wa jadi wa India Kusini, jina la herufi kubwa ni la mwimbaji. Ndiye anayeketi katikati ya jukwaa, ndiye anayechagua nyimbo, na ndiye anayevishwa shali kwa heshima mambo yakiisha. Macho yangu lakini huenda pembeni. Kushoto kwake yupo mpiga fidla, kulia kwake mpiga mridangam, ile ngoma ya kulaza yenye ngozi pande mbili, na mara nyingi watatu hawa hawajafanya mazoezi ya pamoja kwa ajili ya jioni hiyo. Huenda wenzake hawajui hata ataanza na wimbo gani. Wanaketi, wanalinganisha ala zao na sauti ya tambura inayovuma nyuma yao, wanaanza.

Anayetaka kuuona ufundi huu kwa wingi aende Chennai, kusini mwa India, kuanzia katikati ya Desemba. Kwa wiki kadhaa jiji zima huwa ni muziki. Mtu anaweza kutoka ukumbi mmoja mchana akaingia mwingine jioni, na bado akawa amekosa mengi. Music Academy, iliyoanzishwa mwaka 1928, ndiyo yenye hadhi kubwa kuliko zote, lakini kumbi ndogo za mtaa wa Mylapore nazo zina wasikilizaji wakali. Humo utawakuta wazee ambao, mwimbaji akikohoa tu, wanakutajia ni nani wa zamani aliyekohoa vizuri zaidi. Kero yao naipenda. Bila wao, majina ya marehemu yangebaki kwenye picha za ukutani tu.

Mtazame kwanza mpiga fidla. Mwimbaji anaifungua raga, yaani mpangilio wa sauti anaoujenga wimbo juu yake, taratibu, bila mdundo, akitumia silabi zisizo na maana. Anapanda sauti moja, anaiyumbisha, anarudi chini, anajaribu njia nyingine. Fidla inamfuata kwa umbali wa nusu pumzi, kwa sauti ya chini. Ikitangulia, imemkosea adabu. Ikichelewa, imemwacha peke yake. Ni kama maamuma nyuma ya imamu, isipokuwa hapa imamu anaibuni sala papo hapo. Mwimbaji akitua, fidla inapewa zamu yake. Sasa mpigaji lazima aseme jambo lake mwenyewe ndani ya raga ileile, kwa muda mfupi kuliko aliopewa mwenye onyesho, kisha anyamaze bila kinyongo.

Chombo chenyewe kilitoka kwa Wazungu. Baluswami Dikshitar, ndugu wa mtunzi mashuhuri Muthuswami Dikshitar, ni miongoni mwa watu wa mwanzo kukiingiza katika muziki huu, karne mbili hivi zilizopita. Kilichobadilika sana ni mkao. Mpigaji hukaa chini, miguu ameikunja, kichwa cha fidla kimeegemea kifundo cha mguu wa kulia na upande wa pili umekaa kifuani. Kwa kuwa mkono wa kushoto haubebi uzito wowote, vidole viko huru kuteleza juu ya waya kwa urefu wake wote. Mtelezo huo ndio uhai wa muziki wa Karnatiki, maana sauti yake moja haisimami mahali pamoja. Hutikiswa, huvutwa, hupindwa kuelekea jirani yake. Piano haiwezi kazi hiyo. Fidla iliyolala mguuni inaiweza, na kwa sababu hiyo ikawa mwenzi wa mwimbaji.

Kabla vipaza sauti havijaenea, tatizo lilikuwa watu wa nyuma. Mysore T. Chowdiah (1895–1967) aliamua kuongeza nyaya mpaka fidla yake ikawa na saba badala ya nne, ili sauti ifike mwisho wa ukumbi. Bangalore kuna ukumbi wa kumbukumbu yake uliojengwa kwa umbo la fidla. Baada yake alikuja Lalgudi Jayaraman (1930–2013), aliyeanza kusindikiza waimbaji akiwa na umri wa miaka 12. Ukisikiliza kanda zake za miaka hiyo ya usindikizaji, kuna nyakati huwezi kujua sauti ya mtu imeishia wapi na fidla imeanzia wapi. Baadaye aligeukia zaidi kupiga mwenyewe akiwa katikati ya jukwaa. Kazi hiyo nayo naipenda, ila nikipewa kuchagua nitamchukua yule kijana wa pembeni.

Sasa upande wa kulia. Mridangam huchongwa kutoka gogo la mfenesi. Upande wa kulia wa ngoma una duara jeusi katikati, lililopakwa tabaka juu ya tabaka kwa mchanganyiko wa wali na unga wa jiwe. Hilo ndilo linaloipa ngozi sauti ya kengele, yenye noti inayoweza kulinganishwa na tambura. Upande wa kushoto hauna kitu mpaka dakika chache kabla ya onyesho. Hapo mpigaji hutoa semolina, huilowesha, huikanda kwa vidole ikawa donge laini, kisha huibandika katikati ya ngozi. Anapiga, anasikiliza, anabandua kidogo, anapiga tena, mpaka besi itoke nzito na ya duara. Kwa upande wa kulia anatumia kijiwe na kipande cha mti kugonga ukingo, huku na kule, akikaza hapa na kulegeza pale. Onyesho likiisha, semolina inakwanguliwa. Kesho ataanza upya.

Ngozi ni za ng'ombe, nyati na mbuzi, na wanaozichuna, kuzichagua na kuzifunga kwa miaka mingi wamekuwa mafundi kutoka jamii zilizohesabiwa za chini kabisa katika mfumo wa matabaka, wengi wao Wakristo wa Kidalit. Mwimbaji T. M. Krishna aliandika habari zao katika kitabu *Sebastian & Sons*, kilichotoka mwaka 2020, na kimewaudhi baadhi ya watu kwa sababu kinauliza swali la wazi: kwa nini mkono unaopiga ngoma unatunzwa shali na mkono ulioiunda haujulikani hata jina? Parlandu, fundi wa ukoo wa Sebastian anayetajwa katika jina la kitabu hicho, ndiye aliyemtengenezea ngoma mpigaji ambaye wengi wanamweka juu ya wote.

Mpigaji huyo ni Palghat Mani Iyer (1912–1981). Kabla yake wapo waliokwisha kuitandika ngoma hii kwa nguvu na kwa kasi. Yeye aliupiga wimbo. Maneno yalipopanda, ngoma ilipanda, na mstari ulipohitaji nafasi, aliinua mikono akanyamaza, na ule unyamavu ukahesabika sawasawa na mapigo. Alimheshimu sana mwimbaji Ariyakudi Ramanuja Iyengar (1890–1967), mtu aliyelipa onyesho la Karnatiki mpangilio unaofuatwa hadi leo: nyimbo fupi za mwendo wa haraka mwanzoni, kazi kubwa katikati, vitu vyepesi mwishoni. Mwendo wa Ariyakudi haukumchosha mtu, na wasindikizaji walipata mahali pa kupumulia. Mani Iyer hakuvipenda vipaza sauti, na miaka yake ya baadaye alikataa kupiga mbele yavyo. Nikiwa ndani ya kumbi za leo, ambamo ngoma huongezewa sauti mpaka meno yanatetema, naona mzee alikuwa na hoja.

Zama hizo wapiga mridangam wengi wakubwa walikataa kumsindikiza mwanamke. Mani Iyer naye alichelewa, lakini hatimaye aliketi kando ya mwimbaji D. K. Pattammal (1919–2009), na alipofanya hivyo, visingizio vya wengine vilipungua nguvu. Palani Subramania Pillai (1908–1962), mpiga mridangam aliyelinganishwa na Mani Iyer kila mara, alikuwa na mkasa wake: alitumia mkono wa kushoto. Ili upande wa ngoma wenye sauti kali uelekee watu, ilibidi ahame upande wa pili wa jukwaa na mpiga fidla ahame pia, na wapo waliouona usumbufu huo kuwa sababu ya kutomwita. Kwa mafundi wa kiwango hicho, huo ni ubahili mtupu.

Ikifika saa ya ngoma peke yake, mwimbaji hunyamaza na kuhesabu kwa mkono: kofi pajani, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza. Nane. Mpigaji anaivunja nane hiyo vipandevipande, tatu, tano, saba, anaipoteza mpaka wewe uliyekuwa ukihesabu pajani unaona aibu, kisha anarudia kifungu kimoja mara tatu, na pigo la mwisho linaangukia hasa mahali unapoanzia mstari wa wimbo. "Shabashi!" wanalia wazee. Na ni saa hiyohiyo watu kadhaa huinuka kwenda kantini kula dosa na kunywa kahawa. Kahawa yao ni nzuri, sikatai. Lakini kumwacha mtu aliyewatumikia wengine saa nzima, sasa anasema lake, ni kukosa adabu.

Hata M. S. Subbulakshmi (1916–2004), aliyeimba Umoja wa Mataifa mwaka 1966, alikuwa na mfuasi kando yake: Radha Viswanathan, binti wa mumewe, aliyeimba naye jukwaa hadi jukwaa kwa miongo. Sikiliza kanda zao ukiitafuta sauti ya pili, utashangaa inafanya kazi kiasi gani. A. Kanyakumari naye alimpigia fidla mwimbaji M. L. Vasanthakumari kwa miaka mingi, na baada ya Vasanthakumari kufariki mwaka 1990, akaendelea kuwafuata wengine, pamoja na Kadri Gopalnath, aliyeipigisha saksofoni raga. Music Academy ilimpa Kanyakumari tuzo yake kuu, Sangita Kalanidhi, mwaka 2016. Mani Iyer alikuwa ameipata 1966, mpiga mridangam wa kwanza kuipokea, na orodha ya majina ya tangu hapo bado imejaa waimbaji.