Menominee: jina refu, shimo fupi

Leo sikuletei ugunduzi mpya. Nakuletea uhakiki, na kinachohakikiwa si riwaya wala filamu. Ni jina la udongo. Usicheke kwanza. Wenzetu wa fasihi huchukua mstari mmoja wa shairi wakaujadili kurasa tano, na hakuna anayewashangaa. Sisi wa udongo nasi tuna mistari yetu. Mmoja wapo ni jina rasmi la udongo wa misitu ya kaskazini mwa Michigan, Marekani, unaoitwa Menominee, kwa jina la watu asilia wa eneo hilo. Nikiutafsiri kadiri unavyotafsirika, unasomeka hivi: "mchanga juu ya tifutifu, wenye madini mchanganyiko, amilifu, wa baridi, Alfic Haplorthods."

Ukimaliza kusoma hapo, pumzi imekata. Lakini urefu wa jina sio ugomvi wangu. Ugomvi wangu ni kwamba jina hili, pamoja na maneno yote hayo, linaijua vizuri mita ya kwanza tu ya udongo, halafu linafunga daftari. Kwa shamba la mahindi huenda inatosha. Kwa msitu, haitoshi.

Tuchimbe kwanza

Fikiria umesimama kwenye msitu huo. Kuna misonobari, kuna miti ya majani mapana, ukiwemo mti wa mepo unaogemwa utomvu wa kupika sharubati. Shika sepetu.

Juu kabisa utakuta majani na sindano za misonobari zinazooza polepole, kwa sababu baridi ni kali na vijidudu vinavyoozesha havina haraka. Chini yake kuna tabaka la kijivu, jeupejeupe, kama mtu amemwaga majivu ya jikoni. Chimba kidogo tena: ghafla rangi inakuwa ya kahawia yenye wekundu, kama kutu. Halafu inafifia taratatibu kuwa mchanga wa manjano. Na kisha, mahali fulani kati ya sentimita 50 na 100, sepetu inagonga kitu kingine kabisa: tifutifu nzito iliyochanganyika na changarawe na mawe. Hii ndiyo tili, kifusi kilichoachwa na barafu.

Kwa nini hivi? Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita eneo hilo lilifunikwa na barafu nene iliyotambaa kutoka kaskazini. Barafu haichambui inachobeba. Mfinyanzi, mchanga, kokoto na jabali kubwa vyote vinasagwa na kuachwa pamoja. Hiyo ni tili. Barafu ilipoyeyuka, maji yake yaliyokwenda kasi yalichambua: yalisomba vumbi laini mbali na kutandaza mchanga juu ya kile kifusi. Kwa hiyo shimo lako lina hadithi mbili, moja ya barafu na moja ya maji.

Hadithi ya tatu iliandikwa na msitu wenyewe. Sindano zinazooza hutoa asidi. Maji ya mvua na theluji hushuka nazo, yakikamata chuma na alumini njiani na kuziteremsha. Tabaka la juu linabaki na chembe za kwatzi tupu, ndiyo maana linaonekana kama majivu. Chuma, alumini na mboji iliyoyeyuka hukwama chini kidogo, ndiyo ile rangi ya kutu. Udongo wa namna hii dunia nzima inauita podzoli, neno la wakulima wa Urusi lenye maana ya "chini kuna majivu".

Jina linalosifu majivu yasiyokuwepo

Sasa turudi kwenye jina. Lisome kutoka nyuma. Silabi "od" inatoka kwenye Spodosoli, mojawapo ya makundi makuu 12 ya mfumo wa Marekani. "Orth" ni wa kawaida, usio na matatizo ya maji kutuama. "Hapl" ni sahili. "Alfic" inasema chini kuna mlimbiko wa mfinyanzi, kama wa jamaa zake Alfisoli. "Wa baridi" ina vipimo: wastani wa joto la udongo kwa mwaka hauzidi nyuzi 8 za Selsiasi. "Amilifu" inahusu uwezo wa mfinyanzi wake kushika virutubisho. Kila neno lina kipimo nyuma yake, na hapo lazima nivue kofia. Mtu aliye Morogoro, ambaye hajaiona Michigan hata kwa dawa, anaweza kusoma maneno hayo akaujenga udongo huo kichwani.

Lakini tazama kichekesho hiki. Waliounda mfumo huu wakiongozwa na Guy Smith, rasimu maarufu ya 1960 na kitabu cha Soil Taxonomy cha 1975, walitaka kuachana na maneno ya zamani yaliyobeba nadharia na hisia za watu. Wakatengeneza majina mapya kwa Kigiriki na Kilatini. Podzoli ikaondoka, ikaja Spodosoli, kutoka neno la Kigiriki "spodos". Na spodos maana yake nini? Majivu ya kuni. Mgeni mliyemtoa mlangoni kaingia dirishani.

Na si mzaha tu. Kwa mujibu wa mfumo huohuo, kinachoufanya udongo uwe Spodosoli si lile tabaka la kijivu. Ni lile la chini yake, la kutu. Udongo ukilimwa, tabaka la kijivu huvurugwa na kupotea, lakini jina linabaki kama la kutu lipo. Kwa hiyo jina linaonyesha kidole kwenye tabaka moja, sheria inaamua kwa jingine. Mwanafunzi anayekariri "Spodosoli ni udongo wa majivu" atafaulu mtihani, na siku akifika shambani atatafuta asichopaswa kutafuta.

Hilo ni kosa dogo. Linalofuata ni kubwa zaidi.

Mashimo matatu

Maneno "mchanga juu ya tifutifu" hayapatikani hovyo. Kwa udongo wa aina hii, mfumo unapima ukubwa wa chembe kati ya sentimita 25 na 100 tu. Ili upewe jina la matabaka mawili, kila tabaka lazima liwe na unene wa angalau sentimita 12.5, ikihesabiwa hata sehemu yake iliyo nje ya kipande hicho. Kwa hiyo tili inapaswa kuanza kabla ya sentimita 100.

Basi tuchimbe mashimo matatu ya kufikirika. La kwanza, tili inaanza sentimita 80. La pili, inaanza 110. La tatu, ni mchanga mtupu mpaka mita kumi. Tuseme pia kwamba katika shimo la pili mfinyanzi haujalimbika ndani ya tili kiasi cha kustahili neno "Alfic".

Jina litasemaje? Shimo la kwanza: mchanga juu ya tifutifu. Shimo la pili: mchanga. Shimo la tatu: mchanga. La pili na la tatu, katika ngazi hiyo, ni ndugu. Shimo la kwanza ni wa ukoo mwingine.

Sasa muulize mti. Mchanga haushiki maji. Mvua ikinyesha, maji yanapita kama kwenye chujio. Yakifika kwenye tili yanapunguza mwendo, na tili yenyewe ina akiba ya maji na virutubisho ambavyo mchanga hauna. Kwa mti wenye mizizi inayofika mita moja na nusu, shimo la kwanza na la pili ndio ndugu: yote mawili yana ghala chini. La tatu halina ghala. Jina limewagawa ndugu na kuwaunganisha wasiojuana.

Hili halijatoka kichwani kwangu. Mwaka 1970 Hannah na Zahner waliandika kuhusu mikanda myembamba ya udongo mzito ndani ya mchanga wa Michigan, mikanda iliyoachwa na maji ya barafu, na wakaonyesha kwamba inachangia ukuaji wa miti. Mikanda tu, si tili nzima! Burton Barnes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaenda mbali zaidi miaka ya 1980: wakaainisha misitu kwa kuangalia umbo la ardhi, udongo na mimea kwa pamoja, badala ya kuutegemea udongo peke yake.

Kwani kuna hasara gani?

Utaniambia: jina ni jina tu, mti hausomi. Kweli, mti hausomi. Watu ndio wanaosoma.

Michigan iliwahi kulipa bei ya kutojua kilicho chini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misonobari yake mikubwa ilikatwa karibu yote. Ardhi iliyobaki na visiki ikauzwa kwa walowezi kama mashamba. Waliona ardhi tambarare, nyepesi kulima, bei rahisi. Sehemu kubwa ilikuwa mchanga. Familia zilimaliza nguvu na akiba zao humo, mazao yakakataa, kodi zikashindikana kulipwa, na ardhi nyingi ikarudi mikononi mwa serikali. Mwaka 1922 jimbo likaanzisha uchunguzi wa kiuchumi wa ardhi, watu wakatembea kwa miguu wakichora udongo, miti na mashamba yaliyotelekezwa, ili angalau ijulikane ardhi ipi inafaa nini. Misitu mingi ya umma unayoiona huko leo imesimama juu ya ardhi iliyowashinda wakulima.

Kwa hiyo uainishaji wa udongo si mchezo wa maneno magumu. Ni onyo linaloandikwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajanunua. Na onyo linaloishia mita moja halimwambii mwenye msitu kama chini kuna ghala au hakuna kitu.

Tuwe waungwana

Mhakiki mzuri hamwonei mwandishi. Kuna sababu za kuishia hapo. Shimo la mita mbili kwa mkono, kwenye mchanga unaobomoka, ni kazi ya punda. Zidisha kwa maelfu ya mashimo ya nchi nzima. Mfumo pia ulitengenezwa zaidi kwa ajili ya kilimo, na mizizi mingi ya mazao iko juu. Tena, mfumo una ngazi sita, na ile ya chini kabisa, ambako ndiko linakokaa jina lenyewe Menominee, inatazama kina zaidi. Mtaalamu akifungua maelezo ya ngazi hiyo ataikuta tili.

Lakini nani anafungua? Ramani nyingi zinazowafikia watu wa kawaida zinaonyesha ngazi za juu. Vitabu vya darasani vinaishia kwenye makundi 12. Taarifa muhimu kuliko zote kwa msitu imewekwa kwenye rafu ya chini kabisa, kisha tunashangaa kwa nini watu hawainami.

Mfumo wa kimataifa wa WRB umejaribu dawa: una kiambishi "Bathy" kwa sifa zinazoanza chini ya sentimita 100. Ni hatua nzuri, ila si lazima kukitumia. Na kisicho lazima, sote tunajua jinsi kinavyofanywa saa kumi jioni, jua kali, timu ina njaa.

Na hapa petu kuna somo tunalolisahau. Geoffrey Milne, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, katika miaka ya 1930 alikataa kuusoma udongo shimo mojamoja. Aliufuata kutoka kilele cha mlima mpaka bondeni kama mnyororo, akauita mpangilio huo katena. Wazo hilo lilisafiri mpaka Marekani na likatumika kwenye ardhi hizohizo za barafu. Menominee nao una ndugu zake wa mteremkoni, wenye mchanga juu ya tifutifu vilevile lakini maji yakiwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Ukiwasoma kama mnyororo, tili haiwezi kufichika: ndiyo inayoamua maji yatakaa wapi.

Ombi langu ni dogo. Ukipewa jina la udongo, liwe la Michigan au la shamba la mjomba wako Mkuranga, uliza maswali mawili kabla ya kulikubali: walichimba mpaka wapi, na walikuwa wanamfikiria nani, muhindi au mti? Na kama wewe ndiye mwenye sepetu, ukifika sentimita 100 usiifute kwanza. Ingiza keekee ushuke mita nyingine, hata kwenye shimo moja kati ya matano, halafu andika ulichokiona hata kama fomu haina nafasi yake. Pembezoni mwa fomu pana nafasi.